Farasi Anakusoma: Kwa Nini Mafunzo Huanza kwa Mtu, Sio kwa Mnyama

Farasi mzima ana kilo 500 hivi. Wewe una ngapi, 65? Kwa nguvu humuwezi hata kidogo. Sasa mtu anamwongozaje? Sehemu kubwa ya jibu ni hii: farasi anakusoma mwili wako, hata pale usipojua kwamba unasema kitu.

Hesabu za Hans

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Berlin, Ujerumani, farasi aitwaye Hans alisifika kwa kujua hesabu. Ukimuuliza 2 na 3 ni ngapi, anagonga kwato chini mara 5. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, na jopo lililomchunguza Hans mwaka 1904 halikuona ujanja wowote.

Kisha Oskar Pfungst, mwanasaikolojia, akabadilisha kitu kidogo tu: muulizaji asijue jibu, au farasi asimwone muulizaji. Hans akaanza kukosea ovyo!

Kumbe watu walipouliza swali waliinama kidogo kutazama kwato. Hesabu ikifika kwenye jibu, kichwa kiliinuka kidogo mno, bila wao kujua. Hans aliona, akaacha kugonga. Na hata Pfungst mwenyewe, baada ya kuijua siri, alipata shida kujizuia asitoe ishara hizo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu. Walipoona uso wenye hasira, mapigo ya moyo yao yalipanda haraka zaidi kuliko walipoona uso wenye furaha.

Kinachofundisha ni kuachia

Hebu tuone mafunzo yenyewe. Unavuta hatamu kidogo, farasi anasimama, unaachia papo hapo. Wengi hudhani ule mvuto ndio somo. Hapana. Somo ni kuachia: farasi anajifunza kwamba alichofanya sekunde ile ndicho kilichomwondolea usumbufu.

Sasa ona hatari yake. Ukiachia wakati anatikisa kichwa, umemfundisha kutikisa kichwa. Ukiendelea kuvuta hata baada ya yeye kusimama, hana namna ya kujua kwamba amepatia. Taratibu anauzoea mvuto, nawe unalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Baadaye tunamwita mkaidi, wakati ametii kile alichofundishwa.

Wewe unapata nini?

Kwanza, kujitambua. Huwezi kumwambia farasi "tulia" huku umekaza mabega na kubana pumzi, kwa hiyo unalazimika kuanza na pumzi yako. Pili, kuuliza "nimemfundisha nini?" kabla ya kusema "hasikii".

Swali hilo halibaki zizini. Mwanafunzi anayejibu huku akikagua uso wa mwalimu yuko kama Hans: anapata vema bila kuelewa, na mwalimu anaondoka akiamini amefundisha. Ndiyo maana tafiti nyingi leo hupangwa ili anayepima asijue jibu linalotarajiwa.

Kwa hiyo siku ukimwelekeza mdogo wako hesabu, jaribu hivi: uliza, kisha angalia daftari, sio yeye. Jibu likija sahihi hata hapo, basi ni lake.