Kila ngoma na adabu zake: Mkiwapeleka watoto kutazama baleti

WAKAZI wa Eldoret hawahitaji kufunzwa kushangilia. Katika uwanja wa Kipchoge Keino, mkimbiaji akiingia mzunguko wa mwisho, watazamaji wote husimama. Kwenye tamasha za muziki za shule nako, watoto wakicheza ngoma za kienyeji, wazazi hupiga vigelegele na kutikisa mabega pamoja nao.

Basi mzazi aliyezoea hayo akisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi kuwaonyesha wanawe baleti, hushangaa kukuta ukumbi kimya. Wapo wasemao kuwa huo ni uzungu na majivuno, na kwamba mwacha mila ni mtumwa.

La hasha! Kimya kile kina kazi. Mchezaji wa baleti huhesabu hatua zake kwa kufuata muziki. Kelele zikiufunika muziki, hesabu hupotea, na anayerushwa juu huenda akakosa kudakwa. Anapozunguka, hukaza macho mahali pamoja asishikwe na kizunguzungu, na mmweko wa kamera waweza kumpofusha. Ndiyo sababu simu huzimwa. Hata sisi twalijua jambo hili: wakimbiaji wa mita 100 wakiinama kungoja mlio wa bastola, uwanja mzima hunyamaza.

Jijini Nairobi, wanafunzi wa Dance Centre Kenya wamecheza The Nutcracker katika Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa mwaka wa 1952. Baleti hiyo, yenye muziki wa Tchaikovsky, ilionyeshwa kwanza nchini Urusi mwaka wa 1892. Wachezaji hawasemi neno. Kwa hivyo, wasimulieni watoto hadithi mapema: msichana apewa zawadi ya Krismasi, mwanasesere wa kuvunjia kokwa, usiku panya waja kupigana naye, kisha msichana asafiri hadi nchi ya peremende. Mtoto aijuaye hadithi hatauliza maswali gizani.

Fikeni nusu saa kabla ya onyesho. Mchelewaji huenda akazuiwa mlangoni hadi mapumziko, na malori ya barabara ya Nakuru hayajui saa yenu. Pitieni msalani kwanza. Njugu na peremende zenye makaratasi ziacheni nje. Mavazi nadhifu yatosha; suti si lazima. Mtoto akilia, mtoeni upesi bila kumgombeza.

Je, makofi? Hapa ndipo wengi huona haya. Mchezaji akimaliza kucheza peke yake, akasimama na kuinama kushukuru, mpigieni, hata kama onyesho linaendelea. Pigeni tena kila sehemu inapokwisha, na mwishoni simameni mkipendezwa. Usipokuwa na hakika, ngoja wengine waanze.

Mkumbuke pia kwamba wengi wa wachezaji hao ni watoto wa shule. Joel Kioko, kijana aliyelelewa mtaa wa mabanda wa Kuwinda, Nairobi, alianza hivyo hivyo kabla ya kupata nafasi katika English National Ballet School jijini London. Mtoto aliye jukwaani huenda akafika huko, na hadhira yaweza kumsaidia kwa kunyamaza anapocheza na kumshangilia anapomaliza. Hiyo nayo ni mila yetu.