Ndimu au Limau? Jua Unachouza na Unachopanda

Mkulima, siku utakapofika Nairobi pita Baba Dogo, upande wa Ruaraka penye viwanda, ukaulize ndimu katika vibanda vya mboga. Mara nyingi utapewa tunda kubwa la manjano, lenye ganda nene na chuchu mwishoni. Mtu wa Malindi akiliona atacheka, maana kwake hilo ni limau. Ndimu aijuayo yeye ni ndogo, ya mviringo, ganda jembamba. Mwuzaji wa Baba Dogo hakukudanganya. Huko bara watu wengi huita ndimu kila tunda kali la kukamulia nyama au chai.

Lakini neno hili laweza kukutia hasara. Mchuuzi wa Nairobi akikupigia simu kwamba ataka magunia ya ndimu, nawe wa Magarini ukachuma ndimu zako za pwani, huenda gari likafika naye akakataa kuzipokea kwa sababu alitaka malimau. Nauli umekwisha kulipa. Basi kabla ya kuchuma mwulize: wataka dogo la ganda jembamba, au kubwa lenye chuchu? Usimwulize rangi. Wengi husema ndimu ni ya kijani na limau ni la manjano, lakini ndimu ikiachwa mtini hata ikaiva kabisa huwa manjano pia, na limau changa ni la kijani. (Waarabu nao wana neno moja, laimun, kwa yote mawili, kwa hiyo tusiwacheke watu wa bara.) Wataalamu huita ndimu Citrus aurantiifolia, na limau Citrus limon.

Hasara ya gunia moja si kitu ukiilinganisha na ile ya kitaluni. Michungwa mingi hapa Kenya huungwa juu ya shina la limau la namna nyingine, lenye ganda la kukwaruza, liitwalo Citrus jambhiri. Ukimwuliza mwenye kitalu, mmoja atasema shina ni la ndimu, mwingine la limau, nao wasema mti ule ule. Wa kuogopwa ni mdanzi. Danzi lafanana na chungwa kwa sura, ila ni chungu. Mchungwa ulioungwa juu ya mdanzi hudhoofika na kufa ukipatwa na ugonjwa wa tristeza, ambao huenezwa na vidukari. Ugonjwa huo uliua mamilioni ya michungwa Brazili katika miaka ya 1930 na 1940. Shina la limau la kukwaruza huuvumilia, ingawa halipendi ardhi ituamayo maji, kwani huoza mizizi.

Ukisha kupanda, kata kila chipukizi litokalo chini ya kiungo. Kuna wakulima wanaolalamika kwamba mchungwa wao “umegeuka mlimau”. Haukugeuka, shina la chini limeota na kuusonga mchungwa wenyewe.

Nunua miche kwenye vitalu vilivyokaguliwa na KEPHIS, wala usikubali jina tupu. Na kama shambani una mti usiojua ni upi, chuma tunda moja pamoja na kijiti chenye majani, umpelekee bwana shamba wako kabla hujachukua mbegu wala vikonyo kwake.