Tovuti Ikifungwa, Uraibu Hubaki

Mnamo Septemba 2008, Jaji Thomas Wingate wa Mahakama ya Franklin, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, aliamuru majina 141 ya tovuti za kamari yatwaliwe na serikali ya jimbo. Amri hiyo haikuwa ya kawaida. Ukumbi wa kamari hufungwa kwa kufuli, lakini mitambo ya tovuti huweza kuwa ng'ambo, mbali na mikono ya polisi. Kinachomfikisha mchezaji huko ni anwani anayoiandika kwenye kompyuta, yaani jina la kikoa. Anayeidhibiti anwani hiyo ndiye ashikaye mlango.

Gavana wa wakati huo, Steve Beshear, alizishutumu tovuti hizo kwa kuinyonya jamii na kudhoofisha mashindano ya farasi, ambayo huchezewa kamari kihalali jimboni humo. Kesi ikapanda ngazi. Januari 2009, Mahakama ya Rufani ilitengua amri ya Wingate, ikisema jina la kikoa si kifaa cha kamari. Mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya jimbo nayo ilitengua hukumu hiyo, kwa kuwa vyama vilivyojitokeza kuyatetea majina hayo havikuwa na haki ya kufanya hivyo. Katika shauri jingine, jimbo liliidai kampuni ya PokerStars fedha zilizopotezwa na wakazi wake katika kamari, na mwaka 2021 likakubali dola milioni 300. Fedha hizo zililipwa kwa jimbo, si kwa wale waliozipoteza.

Hapo ndipo tabibu hulazimika kuuliza: mgonjwa yuko wapi?

Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiorodhesha kamari ya kupindukia miongoni mwa maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 kikaiweka katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mgonjwa huongeza dau ili apate msisimko uleule, hukasirika anapojaribu kuacha, na hurudi kesho kufukuzia alichopoteza leo. Hata kukosa kwa nafasi ndogo tu humchochea aendelee, kana kwamba alikuwa ameshinda.

Kwa mtu kama huyu, kufungwa kwa tovuti kuna manufaa. Kadiri tamaa na dau zinavyotenganishwa, ndivyo anavyopata muda wa kutafakari. Lakini jina jipya la tovuti husajiliwa kwa dakika chache, na mraibu huujua mlango wa pili kabla wa kwanza haujafungwa.

Isitoshe, sheria hubadilika. Mwaka 2023, Gavana Andy Beshear, mwana wa Steve, alitia saini sheria iliyoruhusu Kentucky kamari ya michezo, ikiwamo ya kwenye simu. Aina ya kamari ilikuwa nyingine, safari hii ikiwa na leseni na kodi, na sehemu ndogo ya mapato ilitengwa kuwasaidia waathirika. Hata hivyo, ubongo wa mraibu hausomi leseni.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asingoje amri ya mahakama. Maswali mawili hutosha kuanzia: Je, umewahi kuhisi unahitaji kuongeza fedha unazochezea? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo, hata kwa swali moja, ladai uchunguzi zaidi, ukiwamo wa sonona na mawazo ya kujiua, ambayo mara nyingi huandamana na madeni ya kamari.

Tiba ipo. Mazungumzo ya kitaalamu yanayorekebisha fikra na tabia husaidia wengi, na dawa ya naltreksoni huwafaa baadhi. Nyumbani, ndugu anayeaminika anaweza kushika fedha kwa muda, huku mgonjwa mwenyewe akiomba kampuni za kamari zimfungie akaunti. Serikali huweza kuutwaa mlango. Anayesimama mlangoni huhitaji mtu wa kumshika mkono.