Historia ya Watsigane wa Ufaransa: polisi waliandika, sisi tusome namna gani?

Wandugu, wenye wako wanatayarisha memwari juu ya watu wa safari, nawapa njia moja.

Sheria ya 1912 ililazimisha kila "nomade" wa kuanzia miaka 13 atembee na kitabu chake: picha, alama za vidole, hata urefu wa sikio. Akifika mahali, kashe, akitoka, kashe. Polisi walitaka kuwachunga tu. Lakini mimi nafuata zile kashe moja moja: naona soko gani jamaa ilipitia, wapi ilikaa wakati wa mavuno ya zabibu. Njo maisha ya kila siku hayo.

Mwaka 1940 amri ikawakataza kutembea. Zaidi ya watu 6.000 wakafungiwa kambini; wa mwisho walitoka 1946, vita imeshaisha. Kashe hazielezi njaa ya mule. Hapo lazima kusikiliza wazee wao na watoto wao.

Tena, faili inaonyesha kila mutu kama mushukiwa. Ukiinakili vile vile, unaendelesha kazi ya polisi. Andika jina la kazi yake: mufuma vikapu, muuza farasi, mupiga muziki.