Chujio la maji la kauri

Chujio la maji la kauri ni chombo cha nyumbani cha kusafishia maji ya kunywa. Lina chungu cha udongo wa mfinyanzi kinachokaa juu ya ndoo yenye koki. Udongo huchanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga. Katika tanuri vitu hivyo huungua na kuacha vitundu vidogo mno, vinavyopitisha maji na kuzuia bakteria nyingi. Aina hii ilibuniwa na Fernando Mazariegos nchini Guatemala mwaka 1981.

Chujio zima hupitisha takriban lita 1 hadi 3 kwa saa. Kasi ikipungua, kwa kawaida tope limeziba vitundu. Chungu husuguliwa ndani kwa brashi na kusuuzwa kwa maji safi, bila sabuni, kwa kuwa udongo huifyonza. Maji yenye tope huachwa kwanza yatuame, kisha hupitishwa kwenye kitambaa.

Kasi ikiongezeka ghafla, hatari ni kubwa zaidi: huenda chungu kina ufa unaopitisha vijidudu. Chungu chenye ufa hakifai tena kuchujia maji ya kunywa, hata maji yakionekana safi.