Si Kila Katuni Ni ya Mtoto



Siku ya pili ya Idi, katika mtaa wetu, baba mmoja aliwakusanya sebuleni watoto wake na watoto wa jirani ili watazame filamu. Alikuwa amekwenda katika duka la filamu akatiliwa katuni kadhaa katika flashi, na picha ya mojawapo aliiona kwa macho yake: soseji yenye macho na mikono, inacheka, na mkate kando yake. Akaona hapana dhara. Akawawashia, kisha akaenda zake msikitini kuswali Alasiri. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama mbele ya televisheni, ameizima. Watoto wamenyamaza kimya, na mwanawe mkubwa, mtoto wa miaka tisa ambaye twamsomesha Juzuu Amma, amejiinamia asiweze kumtazama mama yake usoni.

Usiku ule baba huyo alitujia akatuuliza: "Maalim, mimi nimekosa wapi? Si katuni?"

Hatukuwa na jawabu la kumpa. Nasi pia, pamoja na umri wetu uliopita miaka hamsini, tulikuwa tukidhani kama alivyodhani yeye, kwamba picha ya kuchorwa ni ya mtoto, na picha ya watu ni ya mkubwa. Tukamwomba atupe muhula. Tukawauliza vijana wetu wajuao lugha na mambo haya, wakatusomea na kutueleza. Tuliyoyapata twayaandika hapa, kwani hatudhani kuwa nyumba hiyo ni peke yake.

Filamu ile jina lake ni Sausage Party, na ilitoka Marekani mwezi wa Agosti mwaka 2016. Ilitengenezwa kwa dola milioni 19 hivi, ikaingiza dola kama milioni 140 duniani. Huko kwao ilipewa alama ya R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ila pamoja na mzazi au mlezi. Basi walioitengeneza hawakuificha hali yake. Alama ilikuwapo, sisi ndio tusioisoma.

Kisa chake ni vyakula vya dukani vinavyoamini kuwa wanunuzi ni miungu, na kwamba anayechukuliwa huenda katika maisha ya raha. Kisha vinagundua kuwa vinachukuliwa ili viliwe. Ndani yake mna matusi na mambo ya aibu ambayo kalamu yetu haiwezi kuyataja katika gazeti la nyumbani. Na juu ya hayo dini inafanyiwa mzaha. Umo mkate wa watu wa Mashariki ya Kati uliopewa jina la Kiislamu, unaotumai kuwa baada ya safari yake utapewa chupa za mafuta ya zaituni. Kila Mwislamu anafahamu ni ahadi gani ya Peponi inayochekwa hapo. Wala si sisi peke yetu, kwani Mayahudi nao wamefananishwa na mkate wao wakachekwa vivyo hivyo.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1937 Walt Disney alitoa Snow White, filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni, na watu wakazoea kwamba sinema ya kuchorwa ni ya nyumba nzima. Lakini mwaka 1972 Ralph Bakshi alitoa Fritz the Cat, nayo ikawa katuni ya kwanza kupewa Marekani alama ya X, yaani isitazamwe na watoto kabisa. Mwaka 1999 ikafuata filamu ya South Park, na kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja kwa wingi wa maneno machafu, 399. Basi aina hii ya katuni imekwisha kupita miaka hamsini, na wengi wetu hatujasikia khabari zake.

Na watazamaji waliipokeaje hii ya mwaka 2016? Yatupasa kusema kweli: wengi waliisifu. Waandishi wengi wa khabari za sinema walisema kuwa chini ya uchafu ule mna swali la maana, juu ya yale watu wanayoyaamini na ugomvi wa mataifa. Wengine walichukizwa. Ufaransa ilikatazwa kwa walio chini ya miaka 12 tu, na vyama vya kutetea familia vikapaza sauti kwamba umri huo ni mdogo mno. Na mwezi wa Juni mwaka huo, katika mji wa Concord, California, watu walikwenda na watoto wao kutazama Finding Dory, filamu ya samaki. Kabla haijaanza, kwa makosa, wakaonyeshwa tangazo la Sausage Party, na wazazi wakahangaika kuwaziba watoto macho na masikio. Tuliposikia hayo tulimkumbuka baba wa mtaa wetu. Wazazi wale lugha ni yao na nchi ni yao, na bado walipatwa na yaliyompata yeye.

Kijana mmoja alituambia: "Maalim, filamu hii inazicheka dini zote sawasawa, basi si haki?" Tukamjibu: mwizi anayeiba katika kila nyumba ya mtaa haitwi mwadilifu kwa sababu hakuibagua nyumba hata moja. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, amewakataza watu kuwacheka watu wengine, kwani huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Ama kicheko chenyewe si haramu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, lakini katika mzaha wake hakusema ila la kweli.

Tulifikiri sana kwa nini mtu mzima hucheka katuni ya namna hii. Tunaona ni kwa sababu anaujua mpaka, na anashangaa kuuona unarukwa na kitu kinachofanana na mchezo wa utotoni. Mtoto hana mshangao huo. Yeye mpaka bado anafundishwa, na akimwona mwenye kuuruka anachekwa na kupendwa, hudhani ndiyo njia. Linalomchekesha mkubwa kwake huwa ni somo. Hapo ndipo penye khatari.

Na katika filamu ile ya South Park, pamoja na uchafu wake, mna jambo linalotuhusu. Watoto wanaingia kwa hila kutazama sinema ya wakubwa, wanatoka na matusi. Mama zao, badala ya kujiuliza watoto walikuwa wapi na nani aliyekuwa akiwatazama, wanailaumu Kanada ilikotoka sinema hiyo, mpaka vita vinatokea. Sisi je? Mara ngapi tumewalaani Wazungu kwa filamu zao, na simu tumempa mtoto kwa mkono wetu ili anyamaze tupate kuzungumza?

Basi tufanye nini? Tuliiona nyumba iliyoitoa televisheni nje, na watoto wakawa wanatazama kwa jirani, pasi na mzazi wala maelezo. Tunaona bora ni haya. Kwanza, tusome alama. Hapa Kenya bodi inayopanga filamu hutumia GE kwa filamu ya watu wote, PG kwa ile itakayo uongozi wa mzazi, kisha 16 na 18 kwa umri huo. Pili, filamu tusiyoijua tuitazame sisi kwanza, au tumpe kijana mwaminifu wa nyumbani aitazame. Tatu, mtoto akiona lisilofaa asipigwe. Aulizwe ameona nini na amefahamu nini, kisha aelezwe.

Yule mtoto wa miaka tisa hakuja madrasa siku nne. Baba yake alifikiri amekuwa mkaidi. Tukamwambia: "Bwana, huyu ana haya, na haya ni katika imani. Anadhani kosa ni lake." Jioni ile baba alikaa naye barazani akamwambia: "Mwanangu, filamu ile niliiwasha mimi. Kosa ni langu, nisamehe." Asubuhi ya siku ya tano mtoto akaja na msahafu wake, akaketi mahali pake, akasoma alipokuwa ameachia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachungaji wema wa majumba yetu, na awahifadhi watoto wetu macho yao na nyoyo zao. Amin.