Fahamu: Chombo kisicho na pangaboi kianze na kalamu
Kusukuma chombo baharini kwa sumaku na umeme kulishajaribiwa: meli ya Yamato 1 ya Japani, mwaka 1992 huko Kobe, ilifikia takribani kilomita 15 tu kwa saa. Mwanafunzi anayetaka kuiga mwendo huo kwenye kompyuta aanze na hesabu ya kalamu. Mfereji wa sentimita 5 kwa 5, wenye urefu wa sentimita 20, kwa volti 12 na sumaku ya tesla 0.3, hula takribani wati 144 ndani ya maji ya bahari, na msukumo wake ni nyutoni 0.18, sawa na uzito wa gramu 18! Wapo watakaosema sumaku za leo zina nguvu zaidi. Ni kweli, ndiyo maana DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, iliufufua utafiti huu mwaka 2023; lakini umeme bado huzaa viputo vya haidrojeni na klorini kwenye elektrodi, na programu isiyovihesabu itaonyesha kasi ambayo beseni la maji halitaitoa.